Nusu Mzunguko Hadi Makindu

Juzi, nikisubiri chai ichemke, niliandika kwenye simu majina ya viwanja viwili vidogo vya ndege. Cha kwanza ni kile cha nyumbani kwetu, upande wa Ikutha, kusini mwa Kitui, ambacho sikutarajia kukikuta kwenye ramani ya mtu yeyote. Cha pili ni cha Makindu, ng'ambo ya mto Athi, katika Makueni. Simu haikusita. Ilichora mstari mwembamba kutoka nukta moja hadi nyingine, na chini yake ikaandika: kilomita arobaini na kitu, muda wa kuruka dakika kumi na nne. Niliutazama ule mstari mpaka chai ikafurika na kuzima moto.

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilijaa jikoni, nami nikafuta jiko nikitabasamu. Jibu la simu lilikuwa sahihi. Nilijua ni sahihi kwa sababu mimi na mama yangu tulilipata jibu hilo hilo nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu pasipokuwa na saa hata moja, na tulilipata kwa katani.

Kiwanja chetu kilikuwa ukanda wa udongo mwekundu uliofyekwa katikati ya vichaka vya miiba, mrefu kiasi kwamba mtoto akiukimbia kwenda na kurudi anakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Pembeni yake, upande wa juu, kulikuwa na zahanati ya vyumba viwili yenye benchi nje. Upande wa chini kulikuwa na soko la mifugo. Mawe yaliyopakwa chokaa yalipanga mistari kushoto na kulia, na juu ya mlingoti ilining'inia soksi ya upepo ambayo mama aliishona mwenyewe baada ya ile ya kwanza kuraruliwa na upepo wa Agosti. Baba, Mutinda, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kiwanja. Alifyeka nyasi, alipaka mawe chokaa, alifukuza mbuzi. Alikuwa na buti za mpira na fyekeo, na aliitembeza kazi yake kijijini kama mtu mwenye ofisi.

Ninyi mliokua upande ule kabla ya lami mnajua kwamba Makindu ilikuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, tuliviona vilima vya Chyulu vikiwa bluu huko nyuma ya Makindu, na ungedhani ukianza safari sasa utakula mchana huko. Halafu unaanza safari. Unateremka hadi Athi. Mto ukiwa umejaa, unalala ukingoni na kusikiliza viboko. Ukivuka, unapanda polepole hadi Kibwezi, na kutoka Kibwezi unangoja lori. Wafanyabiashara wa ng'ombe, waliokwenda na wanyama kwa miguu, walitumia siku mbili na usiku mmoja, na waliporudi walizungumza kama watu waliotoka nchi nyingine.

Umbali kwetu haukutajwa kwa kilomita. Ukimwuliza mwanamume ni mbali kiasi gani, alinyoosha mkono angani na kukuonyesha mahali jua litakapokuwa ukifika. Ukimwuliza mwanamke kama mama yangu, alikujibu kwa kiondo, kikapu chetu cha katani.

Mama hakutembea mikono mitupu. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa hivyo: mtungi mgongoni, kamba ya mtungi kwenye paji la uso, na mikono miwili mbele ikisuka. Katani ilikuwa imesokotwa mapajani usiku uliopita na kulowekwa, na harufu yake, ya majani yaliyoanza kuchacha, ilitufuata njiani kama mbwa. Kiondo kinaanzia kwenye kitako, mkononi, kidogo kama kifungo, halafu mzunguko juu ya mzunguko kinapanuka. Kutoka kwetu hadi kisima cha shule ilikuwa mzunguko mmoja wa tumbo, pale kiondo kinapokuwa kipana. Hadi mtoni ilikuwa mizunguko tisa. Hadi Makindu, alikokwenda mara moja kwa mwaka kumwona dada yake, ilikuwa kiondo kizima. Alianza kitako akitoka mlangoni kwetu, akamalizia mdomo mlangoni kwa dada yake, na dada yake akakipokea kama zawadi. Kwa hiyo mimi sikuiwazia Makindu kama mji. Niliiwazia kama kitu chenye kitako, tumbo na mdomo.

Alhamisi ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo. Kila Alhamisi ndege ndogo ya daktari ilikuja kutoka Makindu, ilikokuwa ikilala, daktari akatibu watu mpaka mchana, nayo ikaondoka. Zahanati ilikuwa na redio ya mawasiliano, sanduku la kijivu lililokoroma kama mzee mwenye kikohozi, na nesi wetu, Musyoka, mwanamume mrefu asiyeharakishwa na lolote, alizungumza nalo. Ndege ikiruka alisema, "Imeondoka." Halafu tuliokaa kwenye benchi tuliendelea na yetu, na kabla habari haijaisha, sanduku likakohoa na kusema, "Imetua."

Siku moja nilimfuata ndani.

"Imetua wapi?"

"Makindu," Musyoka alisema.

"Makindu gani?"

Aliniangalia. "Kwani wewe unajua ngapi?"

Moyoni nilijua mbili. Ilikuwa wazi kwamba kulikuwa na Makindu ya shangazi, ya kiondo kizima, na Makindu nyingine ya ndege, iliyofichwa mahali fulani karibu, pengine nyuma ya kilima cha kwanza. Nilimweleza mama hivyo tukirudi nyumbani. Hakunicheka. Mama alikuwa mtu wa kupima. Alisema, "Alhamisi ijayo tutajua."

Alhamisi iliyofuata alikuja benchini na kiondo kilichofika tumboni. Musyoka aliposema imeondoka, mama alifunga uzi mwekundu kwenye safu aliyokuwa akisuka, akaendelea, wala hakuongeza mwendo. Nilikaa chini miguuni pake nikitazama vidole. Sanduku lilipokohoa, alisimama, akakigeuza kiondo, akanionyesha. Uzi mwekundu ulikuwa upande ule, kidole chake upande huu, vikitazamana kama majirani ng'ambo ya uwanja.

"Nusu mzunguko," alisema. Halafu, baada ya kufikiri, "Kiondo kizima kwa miguu, nusu mzunguko kwa ndege. Na dada yangu hunilaumu kwamba siendi mara kwa mara."

Tulipima tena. Nilikuwa mtoto wa kuandika mambo, na nyuma ya daftari la hesabu niliandika kila wiki: Alhamisi, nusu. Alhamisi, nusu na vidole viwili, upepo ulitoka huko. Alhamisi, nusu. Kiangazi kizima. Kuhusu Makindu mbili nilikubali kwamba nilikosea. Lakini mtoto akifunga mlango mmoja wa ujinga anafungua mwingine. Alhamisi moja jirani alipita, mama akaacha kusuka ili amsalimie, na salamu za kwetu hazina haraka: watu wa nyumbani, mbuzi, mvua, mguu wa bibi. Siku hiyo ndege ilichelewa, ikatua mama alipofika nusu ile ile. Nikaandika: Alhamisi, mama aliacha, ndege ikachelewa. Nikayatazama maneno hayo na kuona kile yanachosema. Uzi wa mama ndio uliokuwa ukivuta ndege. Akisuka, inakwenda. Akiacha, inaning'inia. Sikumwambia mtu. Lilionekana kuwa jambo kubwa mno, nami nikaanza kumchunga mama siku za Alhamisi, nikimletea maji mwenyewe ili asiinuke.

Sasa Jumanne.

Jumanne ilikuwa siku ya soko la mifugo, na palikuwa na makubaliano ambayo hakuna aliyeyaandika: Jumanne kiwanja ni cha ng'ombe. Ndege haikuja siku hiyo hata mara moja, na hakukuwa na sehemu nyingine tambarare isiyo na miiba. Kufikia saa tatu asubuhi ukanda mzima ulijaa wanyama zaidi ya mia moja, kuanzia mawe ya juu hadi ya chini, na wenyewe katikati yao wakivutana kwa maneno. Ng'ombe wa soko hawanyweshwi kabla ya kuuzwa, maana mnunuzi hataki kununua tumbo la maji. Walisimama juani na ndimi kavu, wakiangalia upande wa birika la kunyweshea mifugo lililokuwa chini ya mteremko, nje ya mawe, na hakuna aliyewaruhusu.

Shule ilikuwa imefungwa. Mimi na mama tulikuwa benchini tukingoja Musyoka amtazame mama jino. Baba alikuwa amekwenda kufyeka nyasi nyuma ya mlingoti, akiwa na fyekeo lake na nyimbo zake za kanisani. Tulimwona akija akitembea polepole mno, bila fyekeo. Baba hakuwahi kuliacha fyekeo.

"Nimeumwa," alisema. "Juu ya buti. Ni koboko. Nimemwona vizuri."

Kwetu hata mtoto wa miaka mitano anajua koboko ni nyoka wa namna gani. Mama alikunja kanga ikawa mto. Musyoka, yule asiyeharakishwa, alikwenda kwenye redio kwa hatua mbili, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza bila kuvuta maneno. Sanduku lilikoroma, likanyamaza, likarudi. Musyoka alitoka na kutueleza sote watatu, baba akiwemo, kama mtu anayesoma barua.

Dawa ya sumu ile ilikuwa Makindu, ndani ya jokofu. Ndege ilikuwa Makindu pia. Daktari alikuwa akipanda sasa hivi. "Lakini rubani amesema atazunguka mara moja tu," Musyoka alisema. "Akiona wanyama atarudi. Mafuta aliyonayo ni ya kuja na kwenda." Aliangalia kope za baba, ambazo zilikuwa zimeanza kuanguka kama za mtu anayesinzia ibadani. "Na mimi siwezi kutoka hapa. Akiacha kupumua, mimi ndiye nitakayempulizia." Akaniita kwa jina langu: "Mwende, kimbia uwaambie watoe ng'ombe."

Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoa ng'ombe alikuwa amelala sakafuni. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Redio ikasema, "Imeondoka."

Nilifika mlangoni, nikageuka. Mama alikuwa amekishika kichwa cha baba kwa mikono miwili. Kiondo kilikuwa chini, pembeni, na hakuna aliyekigusa.

"Mama, suka," nikasema.

Aliniangalia kama mtu asiyenijua.

"Suka, mama. Ukiacha haitafika."

"Mwende, toka," alisema kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo.

Baba ndiye aliyezungumza. Ulimi wake ulikuwa mzito tayari, na maneno yalitoka kama yanavutwa matopeni. "Msukie," alisema. "Atajua muda umebaki kiasi gani." Yeye alielewa saa. Mimi nilimaanisha kamba. Lakini mama alinyoosha mkono, akachukua kiondo, akakaa mlangoni akimtazama baba kwa jicho moja na kiwanja kwa jingine, mguu wake ukiwa umegusana na bega la baba. Akafunga uzi mwekundu. Vidole vilikosea safu ya kwanza, halafu vikakumbuka kazi.

"Nikifika robo nitaita," alisema.

Nikakimbia.

Wa kuzungumza naye alikuwa Mzee Kilonzo. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko wengine, na akihama yeye wote wangehama. Alikuwa mtu mpana, koti la sufi hata juani, na alikuwa ameshikana maneno na mnunuzi mmoja mwembamba juu ya dume jeusi lenye nundu iliyolala upande.

"Mzee Kilonzo, ndege inakuja. Ng'ombe watoke."

"Ndege ni ya Alhamisi," alisema bila kuniangalia. "Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Basi hata wewe unajua."

"Baba ameumwa na nyoka. Ndege inaleta dawa."

Hapo aliniangalia, na akavua kofia. "Mutinda? Pole, mwiitu. Pole sana." Mwiitu ni msichana kwa Kikamba, na alilisema kwa upole wa kweli. "Na hiyo ndege iko wapi saa hii?"

"Imetoka Makindu."

Nikaona upole ule ukigeuka kuwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Alitazama jua. Akanyoosha mkono, akaonyesha mahali fulani angani upande wa magharibi, mbali sana na pale jua lilipokuwa. "Makindu. Basi itafika jua likiwa hapo. Usijali. Jua likiwa hapo tutakuwa tumetoa ng'ombe, tumetoa hata mavi. Wacha nimalizane na huyu bwana, amenikazia tangu asubuhi."

"Inafika sasa. Ni nusu mzunguko."

"Nusu ya nini?"

"Ya kiondo."

Mnunuzi mwembamba alicheka mpaka akashika pembe ya dume. "Kilonzo, sasa umepata mkubwa wako. Tunaendeshwa na kikapu."

"Nilipima na mama," nikasema. "Niliandika. Kila Alhamisi."

"Mwiitu, sikiliza," Mzee Kilonzo alisema, akiinama hadi usawa wangu. "Mimi nimepeleka ng'ombe Makindu kabla mama yako aolewe. Siku mbili na kulala mara moja. Nikikimbia kama nimeiba, siku moja na nusu. Sasa hiyo kitu hata ikikimbia mara kumi kuliko mimi, si ni masaa? Kwani Makindu ni choo, iko nyuma ya nyumba?"

Kila aliyekuwa karibu alicheka, na si kwa ubaya. Nimemfikiria Mzee Kilonzo mara nyingi tangu nikue, na nimeshindwa kumchukia. Hakuwa mkatili wala hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa ya miguu yake mwenyewe, na alikuwa amehesabu ndani yake kila kitu ambacho ndege haikijui: kuteremka, kungoja maji yapungue, kunywesha, kuwatafuta wawili waliopotea kichakani, kulala, kuamka. Umbali aliokuwa nao ulikuwa umejaa vitu. Wangu ulikuwa mtupu. Angekuwa mtu mbaya ningeomba. Alikuwa mtu mwenye uhakika, na uhakika hauombwi.

Nyuma yangu sauti ya mama ilikata hewa. "Robo."

Nusu ya muda ilikuwa imekwisha. Niligeuka. Kutoka pale nilimwona mlangoni, mdogo, kichwa kimeinama, mkono ukizunguka.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo kwetu halikuwa la kujivunia. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo mambo ambayo angemfundisha mvulana alinifundisha mimi, tukiwa wawili tu kiwanjani, na mojawapo lilikuwa mluzi. Kwetu msichana hapigi mluzi. Ukisikika, bibi mmoja atakuuliza utaolewa na nani. Lakini baba hakuwahi kuwapiga ng'ombe fimbo ili watoke kwenye ukanda. Aliwapigia mluzi wa maji: mmoja mrefu unaopanda, kisha vipande vitatu vifupi. Wachungaji wote wa upande wetu hutumia mluzi huo, na ndama anaujua kabla hajaota meno. Nilikuwa nimeupiga mara nyingi kwa mbuzi wetu. Sikuwahi kuupiga mbele ya mtu.

Nilikimbia hadi kwenye jiwe la mwisho, juu ya birika. Nikaweka vidole viwili mdomoni. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu, maana midomo ilikuwa imekauka. Nikalamba midomo. Mara ya pili ulitoka.

Vichwa vya ng'ombe viliinuka kiwanja kizima, kwa pamoja, kama kanisa likiambiwa lisimame.

Nikapiga tena. Ng'ombe mmoja mwekundu, jike mzee, alitembea. Alitembea tu, bila haraka, akapita kati ya watu wawili waliokuwa wakibishana juu yake, kamba ikatoka mkononi mwa mwenyewe. Wa pili akamfuata. Halafu wote. Mia moja na zaidi, juani tangu asubuhi, waliteremka kuelekea birika kwa mlio kama wa mvua inayokuja, na vumbi jekundu likapanda, na ndani ya vumbi watu walikimbia wakiita majina ya wanyama wao.

"Nani amepiga huo mluzi?" mtu aliuliza.

"Ni ule msichana."

"Aiya, msichana."

Nilipiga mpaka mate yakaisha. Vumbi lilipotulia, ukanda ulikuwa wazi kutoka mawe ya juu hadi ya chini, isipokuwa katikati kabisa. Hapo alisimama Mzee Kilonzo na dume lake jeusi, lililofungwa kamba puani na kushikiliwa kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

"Wewe," aliniambia nikimkaribia. "Wewe nitakupeleka kwa chifu. Umeharibu soko. Kama hiyo ndege haitafika mpaka..."

Akatega sikio.

Ulikuja kutoka upande wa mto mvumo mwembamba kama wa nyuki ndani ya chupa. Mzee Kilonzo alitazama huko. Halafu alifanya kitu ambacho nakiona hata leo nikifumba macho: alitazama jua. Lilikuwa pale pale. Halikuwa limesogea hata upana wa kidole. Alilitazama jua, akatazama upande wa mto, akatazama jua tena, kama mtu anayelitaka litoe ushahidi, likakataa. Kisha akavua lile koti la sufi, mzee mzima, akalifunika dume macho, akalivuta kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele za Kikamba ambazo siwezi kuziandika. Nami nilisukuma kutoka nyuma. Tulivuka mawe meupe tukiwa tumefunikwa vumbi, na kivuli cha mabawa kikapita juu yetu.

Ndipo nikageuka kumtazama mama, nimwashirie asiache, kwa kuwa ndege ilikuwa bado juu. Mama hakuwa anasuka. Kiondo kilikuwa kimelala kifudifudi kizingitini, na yeye hakuwepo mlangoni kabisa. Alikuwa ndani, na Musyoka alikuwa amepiga magoti. Nilisimama hapo nikisubiri ndege ining'inie. Ilizunguka mara moja. Ikateremka, ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, na kupita mbele yetu ikirusha changarawe. Ilikuwa imekuja bila uzi. Ilikuwa imekuja kwa sababu ukanda ulikuwa wazi, na ukanda ulikuwa wazi kwa sababu yangu. Sijui kama mtoto wa miaka tisa anaweza kufikiri hivyo kwa maneno. Najua nilishusha mkono niliokuwa nimeuinua kumwashiria mama.

Daktari alishuka kabla propela haijasimama. Walimchoma baba sindano pale pale sakafuni, Musyoka akimpulizia hewa kwa mfuko wa mpira, halafu wakambeba hadi ndegeni, mama nyuma yao, kiatu kimoja mguuni. Rubani, kijana mwenye miwani mieusi, alitazama birika, vumbi, na wale ng'ombe wote waliokuwa na vichwa majini.

"Nimewaona nikiwa juu ya mto," alimwambia Musyoka. "Nilikuwa nimeanza kugeuza. Ni nani amewatoa?"

Musyoka alinionyesha kwa kidevu. Rubani alinitazama, akaniinamishia kichwa jinsi watu wazima wanavyoinamishiana, akapanda.

Nilikaa na Musyoka kando ya redio. Nilijua itachukua muda gani na sikuhitaji kiondo. Sanduku lilipokohoa, lilisema imetua, likanyamaza, halafu likaongeza jambo ambalo halikuwahi kuongeza Alhamisi yoyote: "Anapumua mwenyewe." Musyoka alikishika kipaza sauti cha redio kwa mikono miwili, kama kikombe cha chai, akaniambia niende nikanawe uso.

Baba aliishi. Alirudi baada ya majuma kadhaa, mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine, na alifyeka nyasi za kiwanja kile mpaka nikamaliza shule. Mama alirudi kabla yake, na hadithi moja tu ya safari. Dada yake alifika hospitalini mbio, akamkumbatia, akamtazama mikono, akauliza, "Mbona leo umekuja bila kiondo?" Mama akamjibu, "Safari ilikuwa fupi."

Lakini kabla hawajarudi, palikuwa na Jumanne iliyofuata.

Niliamka alfajiri, nikavaa buti za baba, ambazo zilinifika mapajani, nikaenda kusimama kwenye jiwe la kwanza. Hakuna aliyenituma. Kiwanja kilikuwa hakina mtu, na mimi nilikuwa mtu wa nyumba ile. Jua lilipopanda, ng'ombe walianza kuja kutoka njia ya Ikutha, mbele yao koti la sufi. Nilingoja kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu, hata ya chifu.

Mzee Kilonzo alifika kwenye mstari wa mawe meupe, akasimama. Akainua fimbo, na ng'ombe wote nyuma yake wakasimama, na watu nyuma ya ng'ombe wakasimama, foleni ndefu hadi kwenye kona. Yule mnunuzi mwembamba alimsukuma begani. "Tunangoja nini?"

"Nyamaza," Mzee Kilonzo alisema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mwenye kiwanja, kuna ndege leo?"

Sikucheka. Niligeukia upande wa mto, nikatazama anga polepole, kutoka kushoto hadi kulia, muda wa kutosha watu wote wale wangoje.

"Ingieni," nikasema.